Paul Robeson, Othello na ukurasa nilioukata Nyamira

Niliishi Nyamira miaka tisa nikifundisha Kiswahili na fasihi, mimi mtu wa Mombasa niliyekuwa sijui sweta ni ya nini. Kule mvua hushuka karibu kila mchana, na ikianza kupiga mabati ya darasa mwalimu hunyamaza na wanafunzi wakangoja, maana hata ukipaza sauti hakuna anayekusikia. Katika kungoja kwa namna hiyo, miaka ya tisini, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea kitabu kikuukuu cha tamthilia ya Othello kilichokuwa katika kabati la skuli, akanionyesha picha. Othello ni Mmoro, mtu mweusi, jemadari wa jeshi la Venisi. Aliyekuwa pichani ni Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Kijana akataka kujua kama huko kwao hakukupatikana mtu mweusi wa kuigiza mtu mweusi.

Sikuwa na jibu. Nilipokuja nyumbani likizo nikamsimulia ami yangu, ambaye ujana wake wote ulikwisha baharini katika meli za kwenda Uingereza. Hakusema kitu. Aliingia chumbani akatoka na santuri, ganda lake limechanika pembe zote, na juu yake picha ya mtu mweusi mpana wa kifua, amevaa suti. Akaniambia huyo ndiye Othello, na kwamba mabaharia weusi katika bandari za Uingereza walikuwa wakimtaja kama mtu anavyomtaja ndugu yake. Jina lake Paul Robeson. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuata mtu huyu vitabuni, na leo nawaletea wasomaji habari zake. Sababu ya kuwaletea sasa nitaieleza nikifika kwenye jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika shamba la North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa na umri wa miaka 15. Alisoma, akawa mchungaji wa kanisa. Sisi wa pwani neno hilo la mtumwa tunalijua vizuri kuliko tunavyopenda kukiri, na tunajua pia kwamba mtoto wa aliyetoroka hulelewa tofauti na mtoto wa aliyengojea kuachwa huru. Mzee William alipopoteza kazi ya kanisa aliendesha mkokoteni wa kubeba majivu, na hakuinamisha kichwa. Mama, Maria Louisa, alifariki mwaka 1904 baada ya nguo yake kushika moto wa makaa nyumbani. Paul, kitinda mimba, alikuwa na miaka mitano.

Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma chuo cha Rutgers. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tangu chuo hicho kuanzishwa. Alipokwenda kujaribiwa katika timu ya mpira, ule wa Kimarekani unaoshikwa kwa mikono, wachezaji wenzake weupe walimvunja pua, wakamtegua bega, na mmoja akamkanyaga mkono kwa viatu vya njumu. Alilala kitandani siku kadhaa, kisha akarudi uwanjani. Mwaka 1917 na 1918 alichaguliwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima, na mwaka 1919 akamaliza chuo akiwa ndiye aliyeteuliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wahitimu. Nayasema haya kwa sababu wengi husikia jina la Robeson wakadhani alikuwa mwimbaji tu aliyebahatika sauti.

Kazi aliyoisomea ilikuwa sheria. Alihitimu chuo cha Columbia mwaka 1923, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili New York. Siku moja akamwita karani wa kupiga taipu aje kuandika barua anayomsomea. Mwanamke yule Mzungu akakataa kuandika kwa amri ya mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake akatoka, na sheria ikaishia hapo. Mkewe, Eslanda, ambaye walioana mwaka 1921 na ambaye watu walimwita Essie, alikuwa amekwisha kumsukuma kuelekea jukwaani. Mwanamke huyu aliona mbali. Nikisoma maisha yao huhisi kwamba bila Essie tungekuwa na wakili mmoja mwenye uchungu na hakuna zaidi.

Mwaka 1924 Eugene O'Neill alimpa nafasi ya kwanza katika mchezo kuhusu kijana mweusi anayesomea sheria na aliyeoa mwanamke Mzungu. Hata kabla mchezo haujafunguliwa, magazeti yalichafuka, barua za vitisho zikaja kutoka kwa Ku Klux Klan, na ofisi ya meya wa New York ikanyima ruhusa ya watoto kuigiza onyesho la kwanza, ambamo watoto weusi na weupe hucheza pamoja. Usiku wa ufunguzi onyesho hilo likasomwa tu mbele ya watazamaji, kisha mchezo ukaendelea. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili 1925, akiwa na mpiga kinanda Lawrence Brown, alisimama jukwaani akaimba usiku mzima nyimbo za watumwa pekee, nyimbo za kina baba yake, ambazo mpaka siku hiyo wasomi weusi wengi waliona haya kuziimba mbele ya Wazungu.

Kisha ikaja London. Mwaka 1928 aliimba katika mchezo wa Show Boat, wimbo wa mchukuzi mweusi mtoni aliyechoka kuishi. Ushikeni wimbo huo, tutaurudia. Mji ukampenda. Hata hivyo mwaka 1929 alikwenda kula katika hoteli ya Savoy pamoja na rafiki zake, mahali alipowahi kuhudumiwa kabla, akazuiwa mlangoni kwa sababu ya rangi. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Mei 1930, alisimama katika ukumbi wa Savoy, ulioshikana na hoteli ile ile, akiwa Othello, jemadari wa Venisi, na Peggy Ashcroft akiwa Desdemona, mkewe.

Na hapo ndipo nilipopata jibu la kijana wangu wa Nyamira. Mtu mweusi alikuwa amepatikana zamani. Ira Aldridge, aliyezaliwa New York mwaka 1807, aliigiza Othello katika ukumbi mkubwa wa Covent Garden mwaka 1833, magazeti ya London yakamshambulia, naye akaenda kupata heshima Ulaya ya bara mpaka alipofia Poland mwaka 1867. Baada yake, karibu miaka mia moja, Othello wa kumbi kubwa za London alirudi kuwa Mzungu wa kupakwa rangi. Binti ya Aldridge, Amanda, alikuwa bado hai mwaka 1930, mwalimu wa sauti, na yeye ndiye aliyemfundisha Robeson kutamka maneno ya Shakespeare. Nilipomweleza kijana habari hii alifurahi, kisha akauliza kwa nini picha ya Aldridge haikuwekwa kitabuni. Wanafunzi wa Nyamira ukiwajibu swali moja huzaa la pili.

Sasa nafika kwenye sehemu inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya thelathini Robeson alijiandikisha katika chuo cha lugha za mashariki na Afrika huko London, akasoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Hakukisoma kwa ajili ya biashara wala serikali. Alisoma kwa sababu alikuwa ameanza kuona kwamba nyimbo za baba yake zina mizizi ng'ambo ya bahari, na mtu hawezi kujua mzizi bila kujua lugha. London wakati huo ilikuwa na vijana wa Kiafrika waliokuja kusoma na kudai haki za nchi zao, na mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta. Wakajuana. Mwaka 1936 Essie alimchukua mtoto wao Pauli wakasafiri mpaka Afrika Kusini na Uganda, na safari hiyo akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1945.

Mwaka 1934 Robeson alikubali kuigiza katika filamu ya Sanders of the River, ya ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda. Aliambiwa itaonyesha ngoma na maisha ya Waafrika kwa heshima, na kweli Zoltan alikuwa amekwenda Afrika akarudi na picha na sauti za ngoma. Studioni Uingereza walijenga kijiji kizima. Waigizaji wa kujazia walikuwa watu weusi waliotolewa katika miji ya bandari, Cardiff na kwingineko, mabaharia na wachukuzi. Nadhani ndiyo maana ami yangu alizijua habari zile. Kenyatta naye alipata kazi humo, ya kuwa mmoja wa machifu.

Filamu ilipotoka mwaka 1935 ilikuwa kitu kingine. Ilimsifu Sanders, DC wa Kiingereza anayetawala Waafrika kama baba anavyotawala watoto. Akiondoka, nchi huchafuka na watu huuana. Akirudi, amani hurudi. Robeson ndiye Bosambo, Mwafrika mwema, na wema wake wote ni kumtumikia DC. Waafrika wanaompinga DC ndio wabaya. Sauti ile iliyoimba nyimbo za watumwa sasa ilikuwa inamwimbia mkoloni. Weusi wa London na wa Marekani walimlaumu, na miaka iliyofuata mwenyewe aliikana filamu ile hadharani. Lakini filamu haikanwi ikapotea. Mpaka leo ipo, ukitaka utaiona, na Kenyatta yumo.

Nilipoisoma habari hii nilikuwa Nyamira, na pale nchi yenyewe ilikuwa na DC wake wa kale. Mwaka 1908 ofisa kijana wa Kiingereza, Geoffry Northcote, ambaye Wakisii walimwita Nyarigoti, alikuwa akiitawala nchi ya Gusii kutoka Kisii. Bibi mmoja wa Kitutu, Moraa, mganga na mwenye kuona mambo, aliwachochea vijana wasikubali. Mtu wa jamaa yake, Otenyo, alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote hakufa. Likaja jeshi, watu wengi wakauawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, na Otenyo akakamatwa na kuuawa. Wazee wa Kisii husema kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Na Northcote? Alipanda vyeo. Mwaka 1935, mwaka ule ule Wazungu wa London walipokuwa wakimshangilia Sanders katika majumba ya sinema, Northcote alifanywa gavana wa British Guiana, na baada ya hapo Hong Kong.

Wanafunzi wangu waliamua kutunga mchezo kuhusu Moraa na Otenyo kwa ajili ya mashindano ya maigizo ya skuli. Walitunga wenyewe, kwa Kiswahili. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyoosha lugha. Walimpata mzee jirani aliyejua kupiga obokano, zeze kubwa la Wakisii lenye nyuzi nane, sauti yake nzito inaingia mpaka mbavuni. Yule kijana wa picha ndiye aliyekuwa Otenyo. Alifanya mazoezi ya kuvizia kwa wiki mbili, akitembea kwa vidole vya miguu nyuma ya bweni mpaka mpishi akamshuku kwamba ni mwizi wa kuku.

Siku chache kabla ya mashindano alikuja mkubwa mmoja wa wakati huo kutazama mazoezi. Jina lake na cheo chake naviacha. Alikaa mpaka mwisho, akapiga makofi, kisha akanivuta pembeni. Alisema mchezo ni mzuri ila ile sehemu ya watu kuinuka na mikuki juu ya DC haifai watoto. Nikamwambia DC mwenyewe ni Mkoloni wa mwaka 1908. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mjinga, akaniambia DC ni DC. Basi mimi, mtu niliyetoka mbali na niliyekuwa na kazi ya kulinda, nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari ukurasa mzima. Badala yake msimulizi akasimama akasema kwa sentensi moja kwamba ofisa alijeruhiwa. Otenyo hakuinua mkuki. Mchezo ukaenda Kisii mjini ukashindwa, na kijana yule hakunisemesha mpaka alipomaliza skuli, isipokuwa kuitikia jina lake darasani.

Kwa hiyo nikisoma Robeson alifanya nini baada ya filamu ile, sisomi kama msomi. Nasoma kama mtu anayetafuta dawa yake mwenyewe.

Kwanza alibadilisha alichokuwa tayari kuigiza. Mnamo Machi 1936 aliigiza Toussaint Louverture, mtumwa aliyeongoza mapinduzi ya Haiti, katika mchezo wa C. L. R. James ulioonyeshwa mara mbili tu London. Mwaka 1938 aliacha kumbi kubwa zilizokuwa zikimlipa vizuri, akaenda kuigiza katika ukumbi mdogo wa wafanyakazi, Unity Theatre. Mwaka huo huo alikwenda Hispania kuwaimbia wanaopigana na jeshi la Franco. Na ule wimbo wa mchukuzi wa mtoni alianza kuuimba kwa maneno mengine aliyoyatia yeye. Yule mtu aliyechoka kuishi na kuogopa kufa aligeuka mtu ambaye ataendelea kupigana. Watunzi wake hawakupenda. Aliuimba hivyo mpaka mwisho.

Mwaka 1937 alisaidia kuanzisha huko Marekani kamati iliyokuja kuitwa Council on African Affairs, akawa mwenyekiti wake. Kazi ya kamati ilikuwa kuwaeleza Wamarekani habari za makoloni ya Afrika na kuyatetea, na miaka ya hamsini ilipotangazwa hali ya hatari Kenya, na Kenyatta aliyekuwa chifu wa kujazia akahukumiwa Kapenguria, baraza hilo la Robeson lilikuwa miongoni mwa sauti chache Marekani zilizowatetea Wakenya.

Lakini nimeruka. Tarehe 19 Oktoba 1943 alifungua Othello New York, ukumbi wa Shubert. Marekani haikuwa imewahi kuona katika jukwaa lake kubwa Othello mweusi akiwa na waigizaji weupe, akimbusu mke mweupe. Uta Hagen alikuwa Desdemona, José Ferrer akawa Iago. Mchezo uliendelea maonyesho 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliodumu zaidi Broadway. Walipozunguka miji mingine Robeson aliweka sharti: ukumbi unaowatenga watazamaji weusi na weupe hataingia. Miji mingi ya kusini ikakosa kuona. Mimi sharti hilo nalihesabu kubwa kuliko maonyesho yote 296, kwa sababu lilimgharimu fedha na kila jioni alikuwa anaweza kulegeza.

Baada ya vita Marekani ilianza kuwasaka Wakomunisti, na Robeson alikuwa akiisifu Urusi ya Kisovieti hadharani. Mwaka 1946 aliongoza ujumbe kwa Rais Truman kudai sheria ya kuzuia watu weusi kuuawa na makundi ya wahuni, akatoka bila ahadi. Mwaka 1949 gazeti moja baada ya jingine likamwita msaliti kwa maneno aliyoyasema Paris. Tarehe 4 Septemba mwaka huo aliimba karibu na Peekskill, New York, mbele ya watu takriban 20,000, na walipokuwa wakirudi magari yao yalipigwa mawe njiani huku polisi wakitazama. Zaidi ya watu 140 waliumia. Mwaka 1950 serikali ikamfutia pasipoti. Kumbi za Marekani zikamfungia, redio zikamwacha, na hata jina lake la mchezaji bora wa 1917 na 1918 likaondolewa katika orodha. Kipato chake, kilichozidi dola 100,000 kwa mwaka 1947, kilishuka mpaka kama dola 6,000 mwaka 1952.

Jambo alilolifanya hapo wanafunzi wangu walilipenda kuliko yote. Alialikwa Kanada, akazuiwa mpakani ingawa Kanada Mmarekani alikuwa haingii kwa pasipoti. Basi tarehe 18 Mei 1952 lori likaegeshwa upande wa Marekani, penye mnara wa Peace Arch, akapanda juu yake akaimba, na maelfu ya watu wakasikiliza wakiwa Kanada. Mwaka huo huo Nairobi tulifunguliwa jumba la Taifa la maigizo, ambalo Mwafrika wa kawaida hakuwa na kazi nalo. Na mwaka 1957 aliwaimbia watu wa London, na baadaye wachimba makaa wa Wales, kwa waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki, yeye yuko New York amezuiwa. Mwaka 1956 kamati ya Bunge la Marekani ilimwita kumhoji. Walipomuuliza kwa nini asihamie Urusi, aliwajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa na watu wake walikufa wakijenga nchi ile, na yeye atakaa humo awe na fungu lake kama wao.

Sitaki kumfanya walii. Mwaka 1949 akiwa Moscow alikutana na rafiki yake, mshairi Myahudi Itzik Feffer, aliyetolewa gerezani aje kumwona hotelini. Robeson alielewa. Usiku wa kuimba aliongeza wimbo wa Kiyahudi wa wapiganaji wa Warsaw, na walioelewa walielewa. Lakini aliporudi Marekani alikana kwamba Wayahudi wanaonewa Urusi, na hakuyasema hadharani yale aliyoyajua. Feffer aliuawa Agosti 1952. Wapo wanaosema aliogopa kuwapa silaha adui zake wa nyumbani. Inawezekana. Mtu aliyekataa kuinama mbele ya Bunge la Marekani aliinama mbele ya Stalin, na mimi niliyepiga mstari mwekundu kwa ajili ya mkubwa wa wilaya sina haki ya kumcheka, lakini pia sina haki ya kumfichia.

Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali haina uwezo wa kumnyima mtu pasipoti kwa sababu ya imani yake ya siasa, na Robeson akapata yake. Akasafiri mara moja. Mwaka 1959, akiwa na miaka 61, aliigiza Othello mara ya mwisho huko Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare. Novemba 1960 aliwaimbia mafundi wa ujenzi Sydney, juu ya mbao za jengo la Opera House ambalo halijakamilika. Kisha mwili na akili vikachoka. Mnamo Machi 1961 huko Moscow alijaribu kujitoa uhai. Akalazwa London, akatibiwa kwa kupitishiwa umeme kichwani mara nyingi, akahamishiwa Ujerumani ya Mashariki. Alirudi Marekani mnamo Desemba 1963, mwezi ule ule Kenya ilipopandisha bendera yake. Essie alifariki mwaka 1965. Yeye akahamia kwa dada yake Marian, Philadelphia, akawa haimbi wala haonekani, mpaka alipofariki tarehe 23 Januari 1976, ana miaka 77. Alizikwa kutoka kanisa la Harlem ambalo kaka yake Ben alikuwa mchungaji wake.

Ami yangu naye ametangulia, na santuri ile ninayo mimi. Mwaka jana nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa skuli moja ya Kisii. Sauti sikuitambua mpaka aliponikumbusha picha ya Mzungu aliyepakwa rangi. Alikuwa anawafundisha watoto mchezo wa Moraa na Otenyo, akauliza kama muswada wetu bado upo.

Upo. Nimeutunza miaka yote pamoja na mstari wake mwekundu. Nilipanda basi nikaupeleka mwenyewe, Mombasa mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Kisii, safari ambayo kwa umri wangu si ya mchezo. Alinipokea stendi na mwavuli, akanipeleka kwake, mkewe akatupikia matoke na chinsaga. Baada ya kula aliufungua muswada, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule, akausoma amesimama karibu na dirisha. Maandishi yanasomeka chini ya wino. Nikaanza kumwomba radhi kwa yale ya zamani, yeye akaniuliza tu kama namkumbuka yule mzee wa obokano aliishi upande gani wa mto, maana alisikia kuna mjukuu wake anayejua kuipiga.